Siki ya mgema kwenye chungu cha Kifilipino

Julai 2021 Wizara ya Biashara na Viwanda ya Ufilipino ilitangaza kwamba inaandaa kiwango cha kitaifa cha kupika adobo, kile chakula chao cha nyama na siki. Kelele zikapigwa, na waliozipiga walikuwa na haki. Batangas adobo hutiwa manjano, Bicol hutiwa tui la nazi, kuna familia zisizogusa sosi ya soya na nyingine haziitambui adobo isiyo nayo. Kiwango kimoja kingemwacha nani nje? Ikabidi Wizara ifafanue kwamba hakuna atakayelazimishwa jikoni kwake, ni mwongozo tu wa kuitangaza adobo ughaibuni. Mambo yakatulia.

Ghasia hiyo hunijia akilini kila nikisoma maelekezo ya mapishi ya Kifilipino yanayoandikwa kwa ajili ya watu wa nje. Orodha huanza na siki ya miwa kutoka Ilocos, inafuata sosi ya soya ya kampuni fulani, patis ya chupa fulani, kalamansi mbichi, kisha onyo kwamba ukivikosa hivi usijisumbue. Mpishi wa Tanga, Mombasa au Goma akifika hapo anafunga ukurasa, anarudi kwenye wali wake na maharage. Mimi nasema asifunge. Mapishi ya nyumbani ya Kifilipino yamejengwa juu ya kuweka hiki pale kilipokosekana kile, na mtu wa pwani yetu ana karibu kila anachohitaji umbali wa hatua chache kutoka mlangoni. Sharti ni kwamba anapobadilisha kiungo atazame kazi kinayofanya chunguni, asitazame sura yake.

Chukua adobo yenyewe. Ni nyama ya kuku au ya nguruwe, pengine zote mbili, inayochemshwa polepole ndani ya siki, kitunguu saumu kingi, pilipili manga na jani kavu la laureli, mpaka mchuzi ukaukie na mafuta yajitenge. Siku hizi wengi hutia sosi ya soya, lakini hiyo ililetwa na wafanyabiashara wa Kichina, na kabla yake kazi ya chumvi ilifanywa na chumvi. Mtawa wa Kihispania Pedro de San Buenaventura, katika kamusi yake ya Kitagalog iliyochapwa Pila, jimbo la Laguna, mwaka 1613, aliiandika adobo kuwa ni ya wenyeji, maana Wahispania waliwakuta watu tayari wanapika na kuhifadhi nyama kwa siki na chumvi, wao wakaipa jina la kwao. Mpaka leo ipo adobong puti, adobo nyeupe, isiyo na tone la soya. Kwa hiyo aliyeishiwa na sosi ya soya asihangaike kutafuta cha kuigiza rangi yake. Atie chumvi, na atakuwa amepika adobo kongwe kuliko ya kitabuni. Jani la laureli nalo kwangu huachia nafasi jani la mdalasini linaloshuka na akina mama wa Muheza siku za soko. Harufu inabadilika kidogo, inaelekea kwenye karafuu, na sijasikia mtu akilalamika.

Siki ndiyo haichezewi.

Siki nyeupe ya dukani, ile ambayo nyumba nyingi hutumia zaidi kuoshea friji kuliko kupikia, ina ukali lakini nyuma ya ukali hakuna kitu. Ukiipika saa nzima na nyama inaacha ncha inayochoma koo. Mfilipino anayepika nyumbani anachagua kati ya siki ya miwa, siki ya mnipa, ule mti mfupi wa matopeni wa jamii ya mnazi ambao umeipa sifa Paombong katika jimbo la Bulacan, na siki ya tuba. Tuba ni tembo la mnazi. Halina tofauti na la kwetu hata katika namna ya kulipata: mgema anapanda, anafunga karara lisichanue, anakata ncha, anatega chombo, na asubuhi na jioni anarudi kukata tena kipande chembamba ili utomvu usizibe. Kule Leyte na Samar huongeza magome ya mkoko yaliyosagwa, tembo likawa jekundu na kukaa muda mrefu zaidi. Mabaharia wa Kifilipino waliosafiri kwenye majahazi ya Kihispania kati ya Manila na Acapulco, biashara iliyodumu kuanzia 1565 hadi 1815, waliupeleka ujuzi huo mpaka Meksiko, na mji wa Colima unakunywa tuba hadi leo kwa jina hilo hilo.

Sisi hatukungoja meli ya Mhispania. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza vinasaba vya minazi ya dunia nzima walikuta makundi mawili makubwa, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na mahali damu za makundi hayo zilipochanganyika wakapakuta Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Maelezo yao ni kwamba mabaharia wa Kiaustronesia, watu ambao lugha yao iliyobaki Madagaska ni ndugu wa Kitagalog, walikuja na mbegu zao. Mnazi unaogemwa Pangani huenda una babu wa pande zile. Ninapomwendea mgema kutafuta siki ya adobo, sioni kama naigiza mapishi ya watu wa mbali sana.

Mgema mwenyewe ndiye aliyeona ajabu. Nilipomwomba lita chache nikamweleza kwamba nataka kuliacha lichache, aliweka kibuyu chini akanitazama. "Mwanangu," akasema, "watu hunijia alfajiri ili lisichache, wewe wangoja lichache?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, mpaka liwe siki. Akacheka, akanipa la juzi kwa bei ya chini, maana hilo lilikuwa limeshamharibikia. Kumsifu sikumsifu, methali ya mgema na maji kila mtu anaijua, ila tembo lake lilikuwa safi.

Kazi iliyobaki ni ya hewa na subira. Chuja kwa kitambaa, mimina kwenye chungu au mtungi wa kioo usiojaa hadi shingoni, funika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia vijinzi, weka mahali pa kivuli. Sukari ya tembo imeshageuka kileo ndani ya saa chache za mwanzo, na sasa bakteria wanaohitaji hewa wanakigeuza kileo hicho kuwa siki. Baada ya wiki kadhaa harufu ya pombe inaondoka na utando laini unatanda juu. Utando huo usiutupe, ndio mbegu ya siki ijayo. Usitumie sufuria ya alumini, siki huila na chakula kikapata ladha ya bati. Kwa wenzangu Waislamu wanaosita kwa sababu ya asili yake, Mashafii wanasema kileo kikigeuka siki chenyewe, bila kutiwa kitu cha kukigeuza, ni halali. Anayetaka uhakika zaidi amuulize sheikh wake, mimi ni mtu wa jikoni.

Aliye mbali na minazi naye hajakosa. Kagera wana rubisi, Rwanda na Burundi wana pombe yao ya ndizi, Kivu wana kasiksi, na pombe yoyote ya ndizi iliyoachwa wazi itachacha kwa njia hiyo hiyo. Msomaji wa Minneapolis anunue siki ya tufaha, aizimue kidogo kwa maji. Kazi ni kupata ukali wenye utamu wa tunda nyuma yake.

Siki ikishakuwepo ndipo vinapokuja viungo vya mezani ambavyo kila nyumba hutengeneza vyake. Iloilo wana sinamak, yaani chupa ya siki iliyojazwa pilipili ndogo kali, kitunguu saumu, pilipili manga nzima, tangawizi na hulinjani. Inakaa mezani na kuongezewa siki kila inapopungua, na inazidi kunoga kadiri inavyozeeka. Hulinjani hupatikana kwa wauza dawa za asili wa Mombasa na Unguja, na ukiikosa, tangawizi peke yake inatosha. Samaki wa kukaanga akichovywa humo hana haja ya kitu kingine.

Jirani yetu mmoja alifanya kazi za ndani Maskati kwa miaka, nyumba moja na mwanamke wa Kifilipino. Wote wawili walipikia watu chakula cha Kiomani, na usiku wakajipikia chakula chao. Ndiye aliyenionyesha kitu ambacho hakuna kitabu kilichonieleza vizuri. Nyama imeshaiva nusu, siki inamiminwa, na mkono wangu unaenda kwenye mwiko. Akaushika. "Usikoroge, mwanangu. Iache ichemke kwanza itoe hasira." Tukasimama tunatazama. Mvuke wa kwanza ulikuwa unatoa machozi, kisha polepole ukalainika, ikaanza kusikika harufu ya kitunguu saumu chini yake. Hapo akaniachia mwiko. Sharti hilo la kutokoroga wanalo kina mama wa Kifilipino kila pembe ya nchi yao, na lilifika Tanga kupitia jikoni ya Maskati bila kuandikwa popote. Akaniambia pia kwamba mwenzake, alipokosa matunda machachu ya kwao, alikuwa akitumbukiza ndimu kavu za Kiomani kwenye supu. Wafilipino wapatao milioni 10 wanaishi nje ya nchi yao. Kama kubadilisha kiungo kungekuwa dhambi, nani kati yao angeokoka?

Supu aliyoizungumzia ni sinigang, nayo ndiyo hoja yangu yenye nguvu kuliko adobo. Mwandishi Doreen Fernandez, aliyefariki mwaka 2002 baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika kuhusu chakula cha nchi yake, alishikilia kwamba ukitafuta sahani moja ya kuwawakilisha Wafilipino, ni sinigang, kwa sababu inapokea kila kitu: samaki, kamba, nguruwe, ng'ombe, na uchachu wowote unaoota karibu na nyumba. Ukwaju mbichi ndio wa kawaida. Lakini ni mapera mahali fulani, embe changa mahali pengine, na kamias kwa wenye mti huo uani. Kamias ni mbirimbi. Unguja, Tanga na Mombasa mibirimbi imesimama nyuma ya nyumba nyingi, matunda yanadondoka mpaka yanaoza chini, na tunachoyafanyia ni achari tu.

Ukwaju wa kwetu huuzwa ukiwa umeiva, mweusi na wenye utamu, kwa hiyo sinigang yake huwa na rangi ya udongo na ladha nzito. Mbirimbi zinakaribia zaidi. Zikate mbili mbili, zichemshe na nyanya na kitunguu katika maji ya pili ya kuoshea mchele, ambayo Mfilipino hayamwagi kwa sababu yanaupa mchuzi uzito kidogo. Ongeza figili, bamia, kunde changa na maganda yake, kipande cha jimbi ukitaka mchuzi uzidi kuwa mzito, kisha changu au tasi, na mwisho kabisa majani. Majani yao ya kawaida ni kangkong, ya maji. Matembele yanafanya kazi hiyo bila kasoro, na wao wenyewe huyatumia. Onja. Uso usipokunjamana kidogo, ongeza mbirimbi.

Hapo sasa wapo watakaonitahadharisha kwamba Mfilipino wa leo wa Manila hachemshi ukwaju wala mbirimbi, anakata pakiti ya unga wa sinigang akamwaga. Kweli, na pakiti hizo zimejaa rafu za maduka yao. Mtu anayerudi nyumbani usiku baada ya foleni za Manila ana haki yake ya kumwaga unga. Ninachokataa ni kuagiza pakiti hiyo kutoka mbali, kwa bei ya kilo ya samaki, na mbirimbi zinaoza uani.

Kuhusu kalamansi, lile tunda dogo la duara linalokamuliwa juu ya kila kitu, changanya maji ya ndimu na ya chenza. Mti wake ni chotara wa jamii ya chenza, kwa hiyo mchanganyiko huo una mantiki. Ndimu peke yake inakosa harufu, chenza peke yake inakosa ukali.

Kare-kare hainihitaji sana. Mkia wa ng'ombe, utumbo, kongoro ukipenda, mchuzi wa karanga za kusaga ulioongezewa unga wa mchele uliokaangwa, biringanya, ua la mgomba. Anayejua mchicha wa karanga ameshafika nusu ya safari. Rangi yake ya machungwa hutoka kwenye mbegu za bixa, mti ulioletwa Manila kutoka Meksiko na majahazi yale yale, na ambao wakulima wa Kwale wanaulima kama zao la biashara. Zikaange mbegu katika mafuta ya moto kiasi, zitoe rangi, zichuje, basi.

Kinachoifanya kare-kare iwe kare-kare, hata hivyo, ni kwamba hupikwa karibu bila chumvi. Chumvi yake iko pembeni, kwenye kibakuli cha bagoong ya alamang, na alamang ni uduvi, wale kamba wadogo kama punje, waliochachushwa kwa chumvi. Mapishi mengi yaliyorahisishwa kwa ajili ya wageni hukosea hapa kwa kusema weka chumvi badala yake. Chumvi inatoa ukali wa bahari bila bahari yenyewe. Sisi uduvi tunao, mkavu, sokoni, na bei yake haitishi. Uloweke kwa muda mfupi, uukamue, uutwange kidogo kwenye kinu. Kaanga kitunguu saumu na kitunguu maji hadi vigeuke rangi, tia nyanya zilizosagwa zikaukie, tia uduvi, chumvi, sukari, tone la ile siki ya mgema na pilipili. Koroga mpaka mafuta yaelee na jirani aulize unapika nini. Hautakuwa na ule uzito wa kitu kilichochachuka kwa miezi, hilo sifichi. Lakini jua la ufukweni limeshaufanyia kazi uduvi huo kabla haujafika kwako, na juu ya mchuzi wa karanga unatosha kukupa ile ladha ya kurudia sahani.

Kuna anayeuliza kuhusu nguruwe, na swali lake lina jibu Ufilipino kwenyewe. Mindanao na visiwa vya Sulu vina Waislamu kwa karne nyingi, na vyakula vyao havikupata kumngoja nguruwe. Watausug hupika tiyula itum, supu nyeusi ya ng'ombe au mbuzi, na weusi wake unatokana na nazi iliyochomwa hadi ikawa mkaa kisha ikasagwa na viungo. Wamaranao wana palapa, kiungo cha mtungini kinachotengenezwa kwa kitunguu chao cha majani kiitwacho sakurab, tangawizi, pilipili kali na nazi iliyokunwa na kukaangwa. Kitunguu cha majani cha kwetu, sehemu nyeupe peke yake, kinaichukua nafasi ya sakurab vizuri tu. Twanga, kaanga nazi ikauke, changanya, hifadhi. Nikipewa nafasi ya kuchagua kiungo kimoja cha Ufilipino kienee pwani yetu nzima, nitachagua palapa.

Na yupo Maria Orosa, ambaye angenicheka kwa kuandika haya yote kana kwamba ni mapya. Alizaliwa Batangas, akaenda Marekani 1916, akasomea kemia ya dawa na ya vyakula katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, na likizo za kiangazi akifanya kazi kwenye viwanda vya samaki wa makopo Alaska. Alirudi nyumbani 1922, nchi ikiwa chini ya Wamarekani na maduka yamejaa makopo yao. Yeye aliona mambo kinyume: nchi inaweza kujilisha kwa vilivyomo. Anatajwa kuwa ndiye mbunifu wa sosi nyekundu ya ndizi, iliyotengenezwa pale nyanya zilipokuwa adimu na ndizi tele. Alitengeneza unga wa soya na biskuti za pumba za mchele zenye vitamini ya kuzuia beriberi, na wakati wa vita vyakula hivyo vilipenyezwa kwa wafungwa waliokuwa mikononi mwa Wajapani. Aliuawa Manila Februari 1945, mji ukipigwa mizinga.

Sosi yake hutengenezwa hivi kwangu. Ndizi bokoboko zilizoiva zinachemshwa na kupondwa, zinarudi jikoni na kitunguu, tangawizi, siki, sukari, karafuu chache na pilipili, na mafuta ya bixa yanashika nafasi ya rangi nyekundu ya kiwandani. Watoto wanaipaka kwenye chipsi na hawana habari kwamba hakuna nyanya. Mwanamke huyu aliangalia kazi ya nyanya ndani ya sosi, yaani utamu, unyevu na uzito, akaipa ndizi kazi hiyo. Rangi aliishughulikia baadaye.

Kwa kipimo chake ndivyo ninavyokataa baadhi ya mbadala ninazoziona zikisifiwa. Maji ya limau ya chupa kuchukua nafasi ya siki kwenye adobo: harufu yake inakufa motoni, unabaki uchachu mtupu. Tui la kopo kwenye laing, yale majani ya jimbi ya Bicol yanayopikwa hadi yalainike: kopo linaweza, lakini mwenye mbuzi ya kukunia nazi nyumbani na akanunua kopo simwelewi, hasa kwa vile sahani hiyo inataka tui jepesi mwanzoni na kasimile mwishoni, na kopo ni moja. Mchemraba wa supu kila mahali: huo unafanya vyakula vyote viwe chakula kimoja.

Patis peke yake ndiyo naiachia duka. Ni maji ya rangi ya kaharabu yanayojitenga na samaki waliolala kwenye chumvi kwa miezi mingi, na samaki wao ni wa jamii ya dagaa mchele wetu, kwa hiyo malighafi si tatizo. Kipimo ni kama sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi kwa uzito, na anayepunguza chumvi kwa kuonea huruma shinikizo la damu anaweza kuishia hospitalini kwa sumu mbaya zaidi. Mwenye uwanja mpana, mtungi mzuri na jirani wa mbali ajaribu. Mimi nakaa nyumba ya kupanga, ukuta kwa ukuta na watu wazima wenye pua, kwa hiyo hununua chupa ya Kithai kwa Mchina, inanikalia mwaka mzima, na kwenye matumizi ya jikoni hiyo pekee ndiyo ya kuagizwa nje.